Kuhamia Thailand na Watu wa Nyumbani

Mazungumzo yangu ya jioni hii ni mintarafu ya jambo ambalo miaka hii limekuwa likitajwa mara kwa mara katika mabaraza ya wafanya biashara, kutoka Arusha hata Mombasa, nalo ni kuhama: si kwenda na kurudi, bali kuchukua mke na watoto na vyombo vya nyumbani na kwenda kufanya maskani katika nchi ya Thailand. Wanaolitaja aghalabu ni watu waliokwisha kuuona mji wa Bangkok kwa macho yao, wakakaa hotelini wiki mbili au tatu, wakala wali kwa samaki kandoni mwa njia kwa bei isiyomtisha mtu, wakapanda treni ipitayo juu ya barabara wala haichelewi, kisha wakarudi na habari kwamba maisha ya kule ni mepesi. Nami siwakadhibishi, waliyoyaona wameyaona. Ila bei aliyoiona mgeni wa wiki tatu ni bei ya mgeni wa wiki tatu, na hatari iliyomo katika kuhamisha nyumba nzima haimo katika bei ya wali, bali imo katika idhini ya kukaa, ambayo kwa desturi hutolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na hutolewa kwa sababu ya mtu mmoja, ilhali wengine wote wa nyumbani mwake hukaa kwa kumfuata yeye.

Wako watakaouliza, ya nini kutaja Thailand, nchi iliyo baidi kiasi hiki na ambayo wazee wetu hawakuizoea kama walivyoizoea Maskati au Bombay. Jawabu, kwa wengi, ni vito. Yakuti zichimbwazo Tanzania, na spineli za Mahenge, na zile rubi za Montepuez katika Msumbiji, sehemu kubwa yake hupita mikononi mwa Wathai kabla ya kufika kwa masonara wa Ulaya na Marekani. Kusini mashariki mwa Bangkok, safari ya gari ya saa tatu au nne, uko mji uitwao Chanthaburi, ambao machimbo yake yenyewe yalipungua zamani lakini ujuzi wa watu wake haukupungua, hasa ule wa kuvitia vito katika tanuru hata rangi yake ikasafika. Mwisho wa wiki soko lao hujaa, na mtu wa kwetu akilitazama mara ya kwanza hustaajabu, kwa sababu anayeketi mezani si muuzaji bali ni mnunuzi: hukodi meza yake, akaweka taa na mizani na kioo cha kukuzia, akangoja, na madalali wakapita mbele yake mmoja mmoja wakifunua vikaratasi vilivyokunjwa, kila kikaratasi na mawe yake. Wamo humo Waafrika, hasa wa upande wa magharibi, waliokwisha kuwa wenyeji kiasi cha kubishana bei kwa Kithai.

Basi na tumbuni bwana mmoja wa Arusha, mwuza vito, mwenye mke na watoto watatu, ambaye kila akienda Bangkok hukaa mtaa wa Bang Rak, karibu na maduka ya vito ya Silom, husali Ijumaa katika msikiti wa Haroon ulio papo hapo, na hula chakula cha halali bila ya taabu. Maadamu yeye ni mtu wa kwenda na kurudi, mambo yake yananyoka: ana viza yake, ana kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano ambayo huko huwataka watu wa nchi zetu waionyeshe, hununua, huuza, hurudi. Siku moja akiwa anahesabu nauli alizolipa hujiuliza, kwa nini asipange nyumba huko huko, akawaita watu wake. Hesabu ya nauli ni hesabu nzuri, lakini imeacha nje karibu kila kitu.

Kwanza, mfanya biashara apitaye na mkazi afanyaye kazi si watu wawili walio sawa mbele ya sheria. Kukata vito na kuving'arisha ni miongoni mwa kazi ambazo Thailand imewawekea wananchi wake peke yao, kama vile kunyoa nywele, na kuendesha gari la abiria, na kuwaongoza watalii. Kwa hiyo bwana wetu, hata kama mkono wake ni hodari kuliko mikono yote ya Chanthaburi, haruhusiwi kuketi kwenye jiwe la kunolea na kuifanya kazi ile kwa riziki. Akitaka kufungua duka au kampuni, sheria ya 1999 ya biashara za wageni yamwambia kwamba kampuni ambayo nusu ya hisa zake au zaidi zimo mikononi mwa wageni ni kampuni ya kigeni, nayo imezuiwa katika biashara nyingi isipokuwa kwa leseni makhsusi. Ndiyo maana watu hushika hisa 49 katika 100 na kuwaachia Wathai 51. Fauka ya hayo, ili mgeni mmoja apate kibali cha kazi, kampuni kwa kawaida hutakiwa kuwa na rasilimali iliyolipwa ya baht milioni 2 na Wathai wanne walioajiriwa. Hapo ndipo vishawishi vinapoanza. Hutokea mtu mwenye ofisi nadhifu akamwambia kwamba hisa 51 ni jambo la makaratasi tu, ataazimwa majina ya Wathai watatu wasiokuja hata mkutanoni. Kuazima majina kwa namna hii ni kosa, kwa aliyeazima na kwa aliyeazimwa, na serikali ya huko hufanya misako ya kampuni za aina hiyo. Lakini hata pasipokuwa na msako, fikiri siku wenye majina watakapokumbuka kwamba mbele ya hakimu wa huko wao ndio wenye kampuni.

Yuko na mtu mwingine, asiye na vito wala mtaji, ambaye hatari yake ni kubwa kuliko ya bwana huyu, nami sitaweza kumpita kimya. Huyu ameahidiwa kazi ya Bangkok, ya kupokea simu au ya kuandika kwenye kompyuta, kwa mshahara mnono, nauli amelipiwa, viza aliyopewa ni ya utalii, na ameambiwa kwamba ya kazi atatafutiwa huko huko. Akishuka katika uwanja wa ndege wa Suvarnabhumi hupokewa na gari, na gari lile haliendi mjini, bali hukata njia ya kiasi cha kilomita 500 kuelekea kaskazini magharibi, hata mji wa Mae Sot, kwenye mto Moei, kisha huvushwa mto na kuingizwa Myanmar, katika majumba yenye kuta na walinzi ambamo watu hulazimishwa kuwatapeli wengine kwa mtandao usiku na mchana. Wakenya na Waganda wamo miongoni mwa waliookolewa huko. Tangu 2022 serikali ya Kenya imekuwa ikiwatahadharisha vijana wake, na tarehe 5 Februari 2025 Thailand ilikata umeme iliokuwa ikiupeleka ng'ambo ile, ndipo maelfu ya watu wa mataifa mengi wakaanza kutolewa. Kazi ya halali huanza na viza ya kazi iliyotolewa kabla ya safari, na kwa watu wa kwetu ubalozi wa Thailand uko Nairobi. Mwajiri asemaye kwamba ubalozi hauna haja, amekwisha kujieleza.

Turudi kwa bwana wetu wa Arusha, tumpe kila kitu cha halali: amepata kampuni ya kumwajiri, ana kibali, ana idhini ya mwaka, na mkewe na watoto wameandikwa kuwa wategemezi wake. Mke, kwa idhini hiyo ya utegemezi, haruhusiwi kufanya kazi mpaka naye apate kibali chake. Nyumba iliyozoea vipato viwili, cha duka la bwana na cha cherehani ya bibi, itasimama juu ya kimoja. Mtoto hutegemea mpaka umri wa miaka 20, kisha hutakiwa kujitafutia sababu yake mwenyewe ya kuwako. Kila siku 90 kila mmoja wao huiarifu Idara ya Uhamiaji mahali anapokaa, na mwenye nyumba naye hutakiwa kuarifu ndani ya saa 24 kwamba amempokea mgeni. Aliyepitisha muda hutozwa baht 500 kwa siku hata zifike 20,000, na hilo watu hulichukulia kuwa ni tozo tu; wasilolijua ni kwamba akikamatwa mtu aliyepitisha muda, badala ya kujipeleka mwenyewe uwanjani, aweza kupigwa marufuku ya miaka 5 asirudi nchini, hata kama alichopitisha hakifiki mwaka.

Nieleze kidogo jinsi mambo haya yanavyoweza kumkuta mtu asiyekusudia uhalifu wowote. Tuseme usiku simu imelia, kumefiwa Arusha, na maiti kwetu haingoji. Bwana anachukua pasi yake na begi moja, anapata kiti katika ndege ya alfajiri, afisa anamgongea muhuri wa kutoka, na muhuri ule ule ndio unaoiua idhini yake ya mwaka mzima, ikiwa hakutangulia kulipa baht 1,000 za ruhusa ya kurejea mara moja, au 3,800 za kutoka na kurejea mara nyingi. Dawati la kuitolea ruhusa hiyo limo uwanjani hapo hapo. Lakini mtu aliyefiwa hakumbuki madawati. Anazika, anapokea rambirambi, anafungua pasi yake siku ya tatu na kuona kwamba hana idhini ya kurudia, na ya mkewe na watoto, ambayo ilishikamana na ya kwake, sasa haina pa kushika. Hali ni hiyo hiyo kazi inapokoma: siku kibali kinapofutwa, idhini ya kukaa hufa nacho, na anayeomba huongezewa siku 7 za kufungasha. Siku 7, na mkataba wa nyumba una miezi minane iliyobaki, na mtoto wa pili yumo katikati ya mtihani.

Nimeitaja shule, na kwa maoni yangu hapa ndipo penye gharama inayozivunja familia nyingi, wala haionekani kutoka hotelini. Shule za serikali za Thailand haziwafungii mlango watoto wa wageni, ila hufundisha kwa Kithai, lugha yenye konsonanti 44 za kuandikwa na sauti tano za kupandisha na kushusha, na maandishi yake hayaachi nafasi baina ya neno na neno. Mtoto wa miaka sita atayashika haya kwa mwaka mmoja wa kucheza na wenziwe. Wa miaka 14, aliyekuwa wa kwanza darasani huko Arusha, ataketi nyuma kama bubu, na wazazi wake watasema amekuwa mkaidi. Kwa hiyo huenda wakakimbilia shule za kimataifa, ambazo zile zinazosifika za Bangkok aghalabu hudai zaidi ya baht 500,000 kwa mtoto mmoja kwa mwaka, yaani kiasi cha dola 15,000, mbali na ada ya kuingilia isiyorudishwa; na bwana wetu ana watoto watatu. Zipo za bei ya chini, tena nyingine si mbaya, lakini mzazi na aende akaketi darasani asubuhi moja kabla ya kulipa, asitosheke na picha za bwawa la kuogelea. Hali kadhalika kalenda hazipatani: mwaka wa shule Tanzania huanza Januari, wa Thailand Mei, wa shule za kimataifa Agosti, na kila uvukaji humla mtoto miezi. Aliyeondoka akiwa Kidato cha Pili, akarejea na cheti cha Kiingereza, itambidi akipeleke Baraza la Mitihani kilinganishwe, na hilo si gumu kwa mwenye karatasi zake zote. Gumu ni la yule aliyerejea katikati ya masomo hana cheti cha huku wala cha kule.

Mintarafu ya fedha, watu hupenda kusimulia habari za 1997, pale Thailand ilipoiachilia sarafu yake tarehe 2 Julai, na baht iliyokuwa 25 kwa dola ikaporomoka hata kupita 50 mwezi wa Januari uliofuata, na mgeni mwenye dola mfukoni akawa tajiri kwa usiku mmoja. Hadithi hiyo humpendeza asikiaye, lakini si yake. Mtu wa kwetu hali dola. Hula shilingi zinazogeuzwa kuwa dola na dola zinazogeuzwa kuwa baht, na hatari yake iko katika daraja la kwanza. Mwenye nyumba Mombasa aliyekuwa akipokea kodi ya shilingi 100,000 za Kenya kwa mwezi alipata dola 880 hivi mwanzoni mwa 2022, shilingi ilipokuwa 113 kwa dola. Januari 2024 ilipofika kama 160, kodi ile ile, ya mpangaji yule yule asiyechelewa, ilimpa dola 625. Shilingi baadaye ilipata nafuu, ndiyo, lakini mwenye nyumba wa Bangkok hangojei nafuu. Tena yuko mtoza ushuru: aliyekaa Thailand siku 180 au zaidi katika mwaka wa kalenda huhesabiwa mkazi kwa mambo ya kodi, na tangu tarehe 1 Januari 2024 mapato ya ng'ambo yanayoingizwa nchini hutozwa hata kama yaliingizwa mwaka mwingine usiokuwa ule yalipopatikana, ilhali zamani watu walikuwa wakiyaweka mpaka mwaka ugeuke na kuyaingiza salama.

Juu ya kununua nyumba sitasema mengi. Mgeni hamiliki ardhi Thailand. Aweza kumiliki fleti katika jengo ambalo wageni hawajapita asilimia 49 ya eneo lake, kwa fedha zilizoingia kutoka nje zikiwa za kigeni na benki ikatoa cheti cha kuthibitisha hivyo, au aweza kukodi ardhi kwa miaka 30 isiyozidi. Anayemwahidi miaka 30 mingine juu ya hiyo anamwahidi kitu kisichokuwa mkononi mwake. Na apange, tena mwaka wa kwanza apange karibu na shule. Atatoa aghalabu amana ya miezi miwili na kodi ya mwezi mmoja mbele, na Aprili, joto linapofika mahali ambapo mtoto hawezi kulala bila ya kiyoyozi, ataipokea ankara ya umeme kwa heshima.

Hospitali za Bangkok ni nzuri kweli kweli, na ndugu zetu wa Oman na wa Ghuba nzima huzijua, maana hujaa hospitali ya Bumrungrad mpaka matangazo ya Kiarabu yamewekwa ukutani. Lakini ule mpango mashuhuri wa kutibiwa kwa baht 30, ulioanza 2001, ni wa wananchi. Mgeni hutibiwa kwa bima au kwa mfuko wake, na bima hukataa maradhi mtu aliyokwenda nayo, kama vile kisukari na shinikizo la damu, ambayo katika nyumba zetu nyingi mtu wa makamo hakosi moja. Ndiyo maana wazo la kumchukua na mama mzee, ambalo huja baadaye kwa huruma, linataka fikira nyingi: akitaka kukaa kwa njia ya ustaafu, iliyo wazi kwa mwenye miaka 50 na kuendelea, hutakiwa baht 800,000 katika benki ya huko, au mapato ya 65,000 kwa mwezi, kabla hajameza kidonge kimoja. Na pikipiki, tafadhalini. Wathai huendesha kushoto kama sisi, na hilo humlaghai mgeni kujiona yuko nyumbani. Kumbe barabara zao ni miongoni mwa zinazoua mno duniani, na kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani kiasi cha robo tatu ya wanaokufa ni watu wa pikipiki na bajaji. Asiyekuwa na leseni halali ya pikipiki akianguka, kampuni ya bima itamwombea dua. Wanaopendelea mji wa Chiang Mai kwa ubaridi wake na wajue tu kwamba baina ya Februari na Aprili mashamba na misitu huchomwa, na moshi hukaa bondeni. Mwenye mtoto wa pumu na asiende.

Limebaki moja ambalo wanaume hawapendi kulisikia, nalo ni mauti ya mwenye idhini. Siku bwana atakapofariki, benki ikipata habari huifunga akaunti yake mpaka mahakama ya Thailand imteue msimamizi wa mirathi, na mahakama hutaka hati ya ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilivyotafsiriwa kwa Kithai na kuthibitishwa. Na wakati karatasi hizo zinatafutwa Arusha, mjane, ambaye idhini yake ilikuwa ni ya kumtegemea mumewe, anahesabiwa siku zake. Kwa hiyo hati hizo na zitafsiriwe na kuthibitishwa kabla ya safari, wala si baada ya msiba. Wasia uandikwe kwa mali iliyoko huko, ukiwa na tafsiri yake. Bibi awe na akaunti yake mwenyewe katika benki ya Bangkok, ambayo huifungua mbele ya mumewe akiwa hai na mwenye furaha. Na nauli ya watu wanne kurudi nyumbani, pamoja na karo ya muhula mmoja, iwekwe katika benki ya Arusha kwa jina la bibi, isiguswe kwa vito hata viwe vya bei ya kutupa.